Nzuguni: Kivuli cha abiria kina bei yake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WAFANYABIASHARA wenye meza, vibanda na maduka katika eneo la Nzuguni, jijini Dodoma, hawana budi kuanza kufuatilia suala ambalo wengi wao wamezoea kuwaachia wahandisi: mahali na namna vitakavyojengwa vibanda vya kungojea daladala. Katika eneo ambalo mteja hufika kwa basi na kuondoka kwa basi, kituo chenye kivuli ndicho kinachoamua mteja huyo anapita mbele ya meza ya nani, anakaa kwa muda gani, na kama wiki ijayo atarudi au atanunua karibu na kwake.

Kwa msomaji asiyelijua eneo hili, Nzuguni ipo kilometa kama 8 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Hapo ndipo kilipo Kituo Kikuu cha Mabasi ya mikoani, Soko Kuu la Job Ndugai na viwanja vya Nanenane. Kituo hicho na soko vilijengwa chini ya Mradi wa Uendelezaji wa Miji ya Kimkakati, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake TSCP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ukiendelea mbele na barabara hiyo hiyo unafika Ihumwa, na kisha Mji wa Serikali wa Mtumba.

Kwa maneno mengine, fedha nyingi zimekwisha kuwekwa Nzuguni. Lakini abiria anayeteremka kutoka Singida au Mwanza akiwa na mabegi, mama anayefuata nyanya na vitunguu vya jumla, na mtumishi anayeelekea Mtumba, wote wana safari ya pili ya kufanya. Safari hiyo huanzia kituo cha daladala. Kama kituo ni kibao tu kando ya lami, mwenye fedha kidogo zaidi ataita bajaji au bodaboda, na ile nauli ya ziada ndiyo ambayo ingebaki sokoni.

Idadi ya watu nayo inalipa suala hili uzito. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la utawala la Dodoma mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 86 katika miaka 10.

Basi lilipata mwenyewe, kituo hakikupata

Dodoma si mji uliosahau usafiri wa umma tangu mwanzo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, na mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ilikamilisha mpango kamambe wa mji. Mpango ule uliweka mbele basi na miguu ya binadamu. Vitongoji vilikusudiwa kuunganishwa kwa njia za mabasi, na gari la mtu binafsi likapewa nafasi ya nyuma.

Sehemu kubwa ya azma hiyo ilibaki kwenye karatasi. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikisimamia mpango huo, ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia kwenye halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji.

Katika kipindi hicho usafiri wa mijini nchini ulikuwa umekwisha kubadilika. Dar es Salaam ilianza kuruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, na mfumo wa daladala ukaenea katika miji mingine. Mabadiliko hayo yaliongeza magari, lakini yaliacha pengo moja. Basi lilipata mwenyewe, anayelihesabia mapato kila jioni. Kituo hakikupata mtu wa namna hiyo. Ndiyo maana katika miji yetu mingi kibanda cha abiria hujengwa kwa sherehe, kisha kikaishia kuwa ukuta wa kubandikia matangazo ya waganga.

Hesabu ya foleni

Kosa la kwanza katika kupanga vibanda ni kuchagua ukubwa kwa kuangalia picha. Ukubwa hutokana na hesabu ya foleni, na hesabu yenyewe haimshindi mwenye duka.

Tuchukue mfano wa kituo kinachopokea abiria 120 kwa saa. Daladala ikipita kila dakika 10, wanaokuwa wamejikusanya kabla haijafika ni 20. Ikipita kila dakika 30, wanakuwa 60. Kibanda cha mita 6 kwa mita 2 kina eneo la mita za mraba 12. Tukikadiria watu 2 kwa kila mita ya mraba, kinahifadhi watu 24. Katika hali ya kwanza kinatosha na nafasi inabaki. Katika hali ya pili, watu 36 wamesimama juani.

Somo ni kwamba ratiba nzuri ya magari ni rahisi kuliko bati. Halmashauri inayotaka kupunguza gharama za vibanda ingeanza kwa kukaa na wenye daladala juu ya mpangilio wa zamu.

Kwa Nzuguni kuna jambo la kuongeza. Abiria wa hapa ana mzigo. Mwenye gunia la karanga au tenga la nyanya anachukua nafasi ya watu wawili, na hawezi kukaa kwenye benchi huku mzigo wake upo mita 10 nyuma yake. Kibanda cha sokoni kinahitaji sakafu pana zaidi na benchi fupi zaidi, tofauti na cha ofisini Mtumba.

Aidha, isihesabiwe siku ya kilele kana kwamba ni siku ya kawaida. Mwaka 2024 na mwaka 2025 sherehe za kitaifa za Nanenane zilifanyika katika viwanja vya Nzuguni, na wageni wa mwezi Agosti huujaza ukanda wote. Umati wa siku chache unahudumiwa kwa maturubai na magari ya ziada. Ujenzi wa kudumu upimwe kwa Jumanne ya kawaida.

Upande wa barabara hubadili mchoro

Jambo la pili ni jua, na hapa ndipo michoro ya kunakiliwa huleta hasara. Dodoma ipo nyuzi 6 kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini kwa takriban nyuzi 30 kutoka utosini. Mwezi Desemba huegemea kusini kwa takriban nyuzi 17. Barabara kuu inapopita Nzuguni inakwenda mashariki hadi magharibi, kwa hiyo vibanda vya pande zake mbili hupigwa na jua kwa namna mbili tofauti.

Kwa kuwa tunaendesha kushoto, anayekwenda mjini anangojea upande wa kusini wa barabara, akitazama kaskazini. Tuchukue paa lililo mita 2.4 kutoka chini. Mwezi Juni, mnamo saa 6 na nusu mchana, kivuli chake huhama mita 1.4 hivi kuelekea kusini. Kama paa lina upana wa mita 2, abiria aliyesimama mbele yupo juani, na kivuli kingi kimeangukia nyuma ya kibanda ambako hakuna mtu. Tiba yake ni benchi kuwekwa nyuma kabisa na ukingo wa mbele wa paa kushushwa au kurefushwa bila kuligusa basi.

Jua la jioni ni kali zaidi kwa sababu linaingia kwa ubavu. Mnamo saa 10 na nusu linakuwa limeshuka hadi nyuzi 30 hivi juu ya upeo, na kivuli cha paa la mita 2.4 huangukia zaidi ya mita 4 mbali. Paa peke yake halifanyi kazi saa ambayo watu wengi wanarudi nyumbani. Kunatakiwa ukuta wa ubavuni upande wa magharibi.

Kwa kituo cha upande wa kusini ukuta huo haudhuru, maana daladala za kwenda mjini hutokea mashariki na abiria anaziona zikija. Upande wa kaskazini, kwa magari ya kwenda Ihumwa na Mtumba, basi hutokea magharibi, mle mle linamotokea jua. Hapo ukuta mzima utamfanya abiria atoke nje kila dakika kuchungulia. Panahitajika mbao au vyuma vya kulala, vyenye nafasi kati yake, vinavyokata jua na kuacha jicho lipite. Ubavu wa mashariki ndio uzibwe, na utasaidia pia kukinga vumbi, kwa kuwa upepo wa Dodoma kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki na kusini mashariki.

Mwekezaji atagundua kwamba mpangilio huu unampendelea. Katika pande zote mbili, ubavu unaozibwa ni ule wa mbele ya safari, ambao uso wake wa ndani unatazamana na magari yanayokuja pamoja na abiria wanaosubiri. Hapo ndipo mahali pazuri pa bango la tangazo. Bango likiwekwa ubavu wa pili, linaziba basi, abiria wanasimama nje, na aliyelipia tangazo anatazamwa na kibanda kitupu.

Mvua nayo isisahauliwe kwa kuwa ni chache. Dodoma hupata milimita zisizofika 600 kwa mwaka wa kawaida, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi kwa mishindo mifupi. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 12 ni lita 600 za maji. Bila mfereji, maji hayo huchimba msingi. Yakielekezwa kwenye shina la mwarobaini uliopandwa nyuma ya kituo, baada ya miaka michache jiji linapata kivuli cha pili bila gharama ya bati.

Kuhusu vifaa, fundi wa kuchomelea wa hapa hapa anaweza kazi hii. Cha kuzingatia ni wizi wa vyuma. Alama za barabarani zimekuwa zikiishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kibanda chenye bati jepesi na boliti za kufunguka kitafuata njia hiyo hiyo. Nguzo za zege, benchi la zege na maungio yaliyochomelewa hugharimu zaidi siku ya kwanza na kidogo zaidi mwaka wa tano. Sakafu iwe na mteremko wa kupanda kiti cha magurudumu na nafasi ya mita 1.5 ya kukigeuza, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka huduma za umma zifikike na wote.

Milango minne

Anayetaka kuwekeza ajue kwamba kibanda kimoja kinaweza kumpitisha kwenye milango minne. Barabara kuu ipo chini ya TANROADS. Barabara za mitaa zipo chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Njia na nauli za daladala zinasimamiwa na LATRA. Usafi, leseni na ushuru wa biashara ni mambo ya Halmashauri ya Jiji.

Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kibanda kinachosimama ndani ya hifadhi hiyo kinasimama kwa ruhusa tu. Barabara ikipanuliwa, kitaondolewa. Kwa hiyo mali ya mwekezaji haipo kwenye zege. Ipo kwenye mkataba, na mkataba usiosema nini kitatokea siku ya upanuzi ni karatasi ya bure.

Ziko fursa kwa wenye mitaji midogo. Utaratibu wa ununuzi wa umma umetenga asilimia 30 kwa vikundi maalumu vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na zabuni hutangazwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Halmashauri pia hutoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi kinachoweza kutengeneza mabenchi, mageti na mapaa hakina haja ya kungojea mkandarasi mkubwa amrushie makombo.

Nani alipie

Njia inayojulikana zaidi duniani ilianzia Ufaransa. Mwaka 1964, katika jiji la Lyon, Jean-Claude Decaux alijitolea kujenga na kutunza vibanda vya abiria bila kuidai manispaa, naye akapewa haki ya kuuza nafasi za matangazo juu yake. Abiria alipata kivuli, jiji liliokoa fedha, na kampuni ikawa na sababu ya kuosha kioo kila wiki: tangazo chafu halina mnunuzi. Leo kampuni yake ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani katika matangazo ya barabarani.

Jirani zetu wa Nairobi walifanya kitu kama hicho kwa taa. Kuanzia mwaka 2002, kampuni ya Adopt-A-Light iliwasha barabara kadhaa za jiji hilo na kupata haki ya kutangaza kwenye nguzo. Taa ziliwaka, lakini ubishi juu ya nani mwingine anaruhusiwa kutangaza kwenye nguzo ulifika mahakamani. Funzo kwa Dodoma ni kwamba haki ya kipekee iandikwe kwa mipaka: barabara ipi, kwa miaka mingapi, na ikivunjwa nani anamlipa nani.

Je, Nzuguni inaweza kulipa? Hebu tupige hesabu kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme kibanda kinagharimu Sh milioni 8 na mkataba ni wa miaka 10. Usafi na matengenezo ni Sh 50,000 kwa mwezi, yaani Sh milioni 6 kwa miaka yote. Jumla ni Sh milioni 14, au Sh milioni 1.4 kwa mwaka, bila riba wala kodi. Bango likipata mteja miezi 8 kwa mwaka, kodi ya pango la tangazo haiwezi kushuka chini ya Sh 175,000 kwa mwezi. Likipata miezi 6, kiwango kinapanda hadi Sh 233,000 na ushee. Na hapo bado mwekezaji hajapata hata senti ya faida, wakati fedha hiyo hiyo ingeweza kukaa kwenye hati fungani za serikali bila kufagiliwa.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. Kwanza, gharama ya kutunza inakaribia gharama ya kujenga, na bajeti isiyoitaja ni bajeti ya nusu kibanda. Pili, vituo vinavyolipa ni vile vya mlangoni mwa soko na kituo kikuu cha mabasi. Vya ndani ya mitaa ya Nzuguni havitapata mtangazaji. Halmashauri ikigawa vituo kimoja kimoja, wawekezaji watachukua vinono na kuiachia jiji mifupa. Busara ni kuvifunga kwa mafungu: anayechukua kituo cha sokoni achukue na viwili au vitatu vya mitaani.

Mchuuzi awemo kwenye mchoro

Panapokusanyika watu 20 wanaosubiri, patakuja mwenye maji, mwenye karanga, mama lishe na wakala wa fedha kwa simu. Hakuna mchoro uliowahi kulizuia jambo hilo. Ambao haukuwatengea nafasi huwapa nafasi ya bure chini ya paa, abiria husukumwa lamini, kisha siku moja linapita gari la mgambo.

Zoezi la mwaka 2021 la kuwapanga machinga katika miji yetu liliwakuta wengi wakiwa wameweka mtaji kando ya barabara kwa mazoea bila maandishi. Gharama ya kuhama waliibeba wenyewe. Nzuguni ina nafasi ya kuliepuka hilo kwa sababu ardhi bado ipo. Meza tatu au nne nyuma ya kila kibanda kikubwa, zenye namba, pango dogo na taa, zinaweza kulipia mfagiaji na mlinzi. Mpaka wake uwe wazi: sakafu ya mbele ni ya abiria, na mwenye meza anayeivamia apoteze namba yake.

Mpangilio wa namna hii unampa mchuuzi kitu ambacho hana leo, yaani maandishi. Pia unakipa kituo kile kilichokosekana siku zote, mtu mwenye hasara ya moja kwa moja kikiharibika.

Ya kufuatilia

Wasomaji wetu wenye biashara Nzuguni tunawashauri mambo manne. Hesabuni abiria wenyewe kwa siku tatu za kawaida, asubuhi na jioni, na mpeleke orodha hiyo kwa mtendaji wa kata kabla michoro haijapita. Ulizeni kibanda kitasimama upande gani wa kivuko cha waenda kwa miguu; mahali salama ni baada ya kivuko, ili abiria avuke nyuma ya basi na dereva wa nyuma amwone. Wenye nia ya kuwekeza, someni kifungu cha matengenezo na cha fidia kabla ya kusoma cha mapato. Na vikundi vya mafundi visajiliwe kwenye NeST mapema, maana zabuni haimngojei anayetafuta namba ya mlipakodi siku ya mwisho.

Bei ya nyanya hupanda na kushuka kila wiki. Mahali pa kituo pakishawekwa zege, patabaki hapo kwa miaka 10 au zaidi, na mauzo ya meza iliyo mbele yake yatakwenda nacho.